Shajara ya mradi: Kusubiri zamu hewani, Shangani hadi Mikindani

Jumamosi, jioni

Mei 2024 ndiyo iliyonisukuma. Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar ilikatika Somanga, kule Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Hatujapumua, tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikapata hitilafu, na watu wakabaki wameshika simu ambazo hazifungui kitu. Sisi wa Mtwara tunakaa mwisho wa barabara na mwisho wa waya. Kikikatika chochote huko juu, kinatufikia.

Wiki ile nilikwenda Mikindani kumjulia hali Mzee mmoja aliyefanya kazi ya redio melini na bandarini tangu zama za Morse. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla chai haijaja akasema: "Mwanangu, kompyuta unazijua. Redio ninazo. Kwa nini tusizifundishe kuandikiana?"

Tangu siku ile tunajenga. Upande wangu hapa Shangani kuna Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), redio ya mkononi, kadi ya sauti ya USB, na antena ya bomba la shaba niliyoifunga juu ya mwanzi nyuma ya nyumba. Upande wake, kama kilomita 10 kutoka hapa, kuna kompyuta ya mapajani, redio ya zamani na modemu ya pakiti, inayogeuza data kuwa sauti za redio na kuzirudisha, inayoingia kwa waya wa siriali. Tuna leseni za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, sote wawili, tunatumia masafa ya mita 2, MHz 144 hadi 146, kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde. Redio ya ridhaa hairuhusu biashara wala kuficha ujumbe kwa usimbaji, kwa hiyo tunapitisha salamu, hali ya hewa na majaribio, na yeyote mwenye redio anaweza kusikiliza.

Itifaki, yaani kanuni za mashine kuandikiana, ni AX.25 ya redio ya ridhaa. Linux iliwekewa yake ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, miaka ya 1990, na imehudumia watu wengi. Nimeamua kuiandika upya nje ya kerneli, kama programu ya kawaida, kwa sababu mbili. Kosa ndani ya kerneli linaweza kuangusha mashine nzima, na mashine hii nataka ikae miezi bila mtu kuigusa. Halafu nataka kuona kila fremu, yaani kila kifurushi cha data, inaamuliwaje, nikiwa na uwezo wa kusimamisha programu katikati na kuichungulia tumboni.

Jumapili

Toleo la kwanza nililiandika kwa nyuzi tatu, yaani kazi tatu zinazokwenda sambamba: mmoja unasoma modemu, mmoja unamsikiliza mtumiaji, mmoja wa taima. Leo nimelifuta lote. Uzi wa taima ulishika kufuli (ruhusa inayoshikwa na uzi mmoja kwa wakati) ukingoja kuandika kwenye soketi (mlango wa data kati ya programu), uzi wa soketi ukawa unaingoja kufuli ileile, na programu ikaganda huku redio iko kimya. Kosa lenyewe lilirekebishika. Lililonifanya nifute ni kwamba nilitumia saa nne kulitafuta, na nikaona yatakuja mengine kumi ya namna hiyo.

Ukiitazama AX.25 vizuri, sehemu kubwa ya kazi yake ni kungoja. Unatuma SABM kuomba kuunganishwa, unangoja UA ya kukubali. Unatuma fremu za habari, unangoja RR ya kukiri zimefika. Jibu lisipokuja, taima ya T1 inaisha na unauliza. Kukiwa kimya muda mrefu, taima ya T3 inaisha na unagonga mlango kuona kama mwenzako bado yupo. Matukio yenyewe ni machache: baiti zimefika kutoka kwa modemu, mtumiaji ameandika au ameondoka, taima imeisha. Kazi ya namna hii inataka kitanzi kimoja kinacholala mpaka kitokee kitu.

Kwa hiyo kitanzi sasa ni amri moja ya Linux, epoll_wait, inayochunga namba za faili chache (namba ambazo Linux hutambulishia kila mlango wa data): soketi ya modemu, soketi za watumiaji, timerfd moja kwa taima zote, na signalfd ili nikizima programu iage kwa DISC, fremu ya kukata kiungo, badala ya kutoweka. Kwangu modemu ni programu ya Dire Wolf, inayozungumza KISS, lugha rahisi kati ya kompyuta na modemu, kwenye porti 8001.

Uamuzi mkubwa wa leo, na huu nauandika ili nisije nikaulegeza: injini ya itifaki, sehemu inayoamua kila hatua, haigusi soketi na haiangalii saa. Inapewa tukio pamoja na wakati lilipotokea, inarudisha orodha ya vitendo. Tuma fremu hii. Washa T1. Mpe mtumiaji baiti hizi. Kitanzi ndicho kinachotekeleza. Faida nimeiona jioni hiihii: nimeziendesha injini mbili zikizungumza zenyewe kwa zenyewe ndani ya kumbukumbu, saa nzima ya mazungumzo, T3 zikiisha na kuamka, na jaribio lote likamalizika kabla sijanyanyua mkono kwenye kibodi. Wakati kwa injini ni namba tu. Nikiiambia zimepita dakika tano, zimepita.

Epoll inaweza kukuamsha mara moja tu hali inapobadilika, au kila unaporudi maadamu bado kuna cha kusoma. Nimechukua ya pili. Kwa biti 1200 kwa sekunde sina haraka inayonilazimisha kuchukua ya kwanza, ambayo ukisahau kusoma mpaka tone la mwisho, baiti zinabaki zimekaa pale na hakuna wa kukuambia.

Jumanne

Umeme ulikatika jana usiku, ukarudi alfajiri. Pi yangu haina saa yenye betri, kwa hiyo ikiwaka huanza na wakati iliouhifadhi mwisho, kisha mtandao ukipatikana inaruka hadi wakati halisi. Kitanzi kilikuwa kinasoma saa ya kawaida. Saa iliporuka mbele kwa zaidi ya saa sita, taima zote zikaisha kwa pamoja. Nimehamia CLOCK_MONOTONIC, ambayo inahesabu kwenda mbele tu, hata tarehe ikibadilishwa. Mstari mmoja kwenye kitanzi. Injini haikuguswa.

Ijumaa, usiku

Mzee amenipigia saa tatu usiku. "Mwanangu, laini yako ina kigugumizi."

Akaeleza. Akiniandikia mistari kadhaa, kisha mimi nikaanza kujibu, mstari wangu wa kwanza unachelewa sekunde nyingi. Inayofuata inapita vizuri. Nikamuuliza mistari mingapi. Akasema subiri, akakata simu, akajaribu, akapiga tena baada ya nusu saa. "Nikiandika mitano, haina neno. Saba, haina neno. Sita ndiyo inaleta kigugumizi. Na siyo kila mara."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo kwa sababu bila ile sita ningetafuta wiki nzima.

Jumamosi

Nimelipata.

Kila fremu ya habari ina baiti moja ya udhibiti. Biti tatu za juu zinasema fremu ipi ninaitarajia kutoka kwako, na biti tatu nyingine zinasema hii yangu ni ya ngapi, zote zikihesabiwa kutoka 0 hadi 7. Mzee ametuma mistari sita, fremu namba 0 hadi 5, kwa hiyo natarajia namba 6. Mimi sijatuma kitu, kwa hiyo fremu yangu ya kwanza ni namba 0. Sita juu, sifuri chini: 1100 0000. Hiyo, kwa uandishi wa hexadesimali, ni C0.

Na C0 ndiyo baiti ambayo KISS inaitumia kuweka mpaka kati ya fremu na fremu. Ikitokea ndani ya fremu, KISS inaibadilisha kuwa baiti mbili, DB ikifuatiwa na DC, na msomaji, sehemu ya programu inayosoma baiti, anazirudisha kuwa C0. Msomaji wangu alikuwa anafanya hivyo vizuri, ila alikuwa anasahau. Kila read (amri ya kusoma baiti) iliporudi, alianza upya kana kwamba hajawahi kuona DB.

Kwangu haikuonekana kamwe, maana Dire Wolf iko kwenye mashine ileile na fremu ilikuwa ikija nzima kwa mkupuo mmoja. Kwa Mzee, anakoendesha programu hiihii, baiti zinadondoka kupitia waya wa siriali, na read inarudisha zilizokwisha kufika, nyingi au chache. Usiku ule kipande kimoja kiliishia baiti ya 17: mpaka, baiti ya amri, baiti 14 za anwani, kisha DB. DC ikaja kwenye kipande kilichofuata, ikapokewa kama ndiyo baiti ya udhibiti. Na DC ikisomwa kama udhibiti ni fremu halali kabisa: ya habari, namba 6, inatarajia 6, inataka jibu. Upande wa Mzee ukaona fremu namba 6 wakati unangoja 0, ukaikataa kwa REJ, upande wangu ukatuma tena. Alama ya kuhakiki makosa haikusaidia, kwa kuwa modemu inaihakiki na kuivua kabla ya kuipa kompyuta fremu. Kutoka hapo hadi kwenye programu hakuna mlinzi.

Mistari ya maandishi ya kawaida haina C0 wala DB ndani yake. Ndiyo maana majaribio yangu yote ya "habari za asubuhi" yalipita. Kosa lilikaa kwenye baiti moja ya udhibiti, likingoja mtu aandike mara sita kabla ya kujibiwa.

Msomaji sasa anabeba hali yake kutoka read hadi read, na anakula baiti moja moja. Nimeongeza jaribio ninalolipenda sana: nachukua baiti zilizorekodiwa, nazikata sehemu mbili katika kila nafasi inayowezekana, na kila mkato lazima utoe fremu zilezile. Pia nimebadilisha logi, rekodi ya programu. Mwanzo nilirekodi fremu zilizokamilika, na kwa logi hiyo nisingeweza kulirudia kosa hili mezani. Sasa narekodi kila read kama ilivyorudi, na urefu wake.

Nimempigia Mzee kumwambia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sita na sifuri. Haya." Nilimsikia akiandika.

Jumapili

Hili la leo ni kubwa kuliko yote, na sijalimaliza.

Tulikuwa tunajaribu kupeleka faili la baiti 6144, yaani fremu 24 za baiti 256. Linafika, lakini kwa dakika mbili na nusu. Nikadhani ni antena. Mzee alikuwa anaangalia skrini yake ya fremu zinazopita, akaniuliza kwa simu: "Mbona ukishanipa zile nne, hapohapo unaniuliza mara mbili kama nimesikia? Hujafunga mdomo bado, umeshaanza kuhesabu kwamba nimechelewa kujibu."

Nikaangalia logi yangu. Ni kweli. Kila baada ya fremu nne za habari kulikuwa na RR mbili za kuuliza, zimebanana nyuma yake, halafu yeye anajibu zote, halafu zamu zinagongana.

Nikachukua kalamu. Fremu ya baiti 256, ukiongeza anwani, udhibiti, baiti ya aina ya itifaki, alama ya kuhakiki na bendera za mwanzo na mwisho, ni baiti 276, biti 2208. Kwa biti 1200 kwa sekunde ni sekunde 1.84. Dirisha letu, yaani fremu tunazotuma kabla ya kungoja kukiriwa, ni fremu nne, kwa hiyo 7.36. Ongeza sekunde 0.3 za kuwasha redio na kuiacha itulie kabla ya kusema: 7.66. Toleo la 2.2 la AX.25, la mwaka 1998, linaanza na T1 ya sekunde 3. Mimi niliiwasha T1 pale nilipoandika fremu kwenye soketi ya modemu. Soketi ilizipokea zote nne papo hapo. Sekunde ya 3, redio ikiwa inasema fremu ya pili, T1 ikaisha. Sekunde ya 6 ikaisha tena. Maswali yangu yakaingia kwenye foleni ya modemu nyuma ya fremu ambazo zilikuwa hazijatoka.

Kerneli iliponiambia soketi iko tayari kuandikwa, ilisema kweli. Kuna nafasi kwenye bafa, kumbukumbu ambamo data husubiri kutoka. Bafa ina nafasi ya kilobaiti nyingi na hewa ina nafasi ya baiti 150 kwa sekunde, tena kwa zamu. Nilichukua utayari wa soketi nikaufanya utayari wa hewa, na muundo wangu wote wa matukio ukasimama juu ya tukio lisilo sahihi. Tukio ninalolihitaji ni "fremu imemaliza kutoka kwenye antena", na hilo hakuna namba ya faili inayonipa.

Waandishi wa itifaki waliliona. Toleo la 2.2 linatenganisha mashine ya kiungo na mashine inayogawa hewa: ya kwanza inaomba hewa, ya pili inajibu ikishaipata. KISS, iliyobuniwa katikati ya miaka ya 1980 ili modemu ibaki nyepesi na akili ihamie kwenye kompyuta, haina jibu hilo. Unaipa fremu, inakaa nayo, inangoja chaneli iwe tupu, inatuma. Haikuambii imefika wapi. Kuna nyongeza ya KISS, amri 0C, ambayo modemu inarudisha taarifa fremu ikishatoka. Modemu ya Mzee haina.

Jumatano

Kama siambiwi, nihesabu.

Muda wa fremu hewani unajulikana kamili. Kila baada ya biti tano za 1 mfululizo, modemu inachomeka 0 ili data isifanane na bendera. Kwa data ya kubahatisha ni biti moja ya ziada katika kila 62, lakini data mbaya kabisa inaweza kuongeza hadi moja kwa kila tano, yaani asilimia 20. Sikutaka kukisia. Fremu ninayo mkononi, kwa hiyo nazipitia biti zake, na zile za alama ya kuhakiki, nazihesabu moja moja. Ni kazi ya sekunde ndogo sana kwa Pi.

Kisichojulikana ni kusubiri chaneli. Mpangilio wetu ni ule wa kawaida: modemu ikiona chaneli tupu inatupa bahati yenye uwezekano wa robo, ikikosa inangoja milisekunde 100 na kutupa tena. Kwa wastani ni milisekunde 300 za kungoja. Natumia hiyo kama makadirio, na nafasi kidogo juu yake.

Injini sasa ina foleni yake. Haiipi modemu zaidi ya mkupuo mmoja, na T1 inawashwa pale mkupuo unapokadiriwa kuwa umeisha kutoka. Kwenye kitanzi hilo limekuwa taima ya ziada tu, "hewa imeachiwa", na injini inalipokea kama tukio lingine lolote.

Jumamosi

Makadirio ya Jumatano yalikuwa mazuri mpaka Mzee alipowasha redio yake ya pili, inayotangaza upepo na presha kila dakika mbili. Tangazo likiangukia pale modemu yangu inapotaka kusema, modemu inangoja, na hesabu yangu inaendelea kana kwamba nimeshaanza. T1 inawahi tena.

Nimezunguka na jambo hili siku mbili, hata ufukweni Shangani jana jioni sikuiona bahari vizuri. Jibu limekuja kutokana na udhaifu wa redio yenyewe. Redio hizi haziwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Basi nikipokea fremu ya mtu yeyote, najua kwa hakika kwamba muda wote fremu ile ilipokuwa ikipita, mimi sikuwa nasema. Na fremu ile ninayo, biti zake nazihesabu kama ninavyohesabu zangu. Ilimalizika sasa hivi, ilidumu sekunde 0.6, basi tangu sekunde 0.6 zilizopita modemu yangu ilikuwa kimya. Kama hesabu yangu ilidhani nilikuwa natuma ndani ya muda huo, hesabu imekosea, na taima ya hewa inasogezwa mbele kwa kiasi hicho.

Kila fremu inayosikika, hata isiyonihusu, imekuwa tukio la kusahihisha saa. Msimbo wake ni mistari 23. Nimeirudishia logi ya Alhamisi, ile yenye matangazo ya upepo, na T1 zote zilizowahi zimetoweka.

Nilimweleza Mzee. Akasema ndivyo walivyokuwa wakifanya melini: ukisikia mwenzako anagonga, unajua ujumbe wako bado uko mkononi, unaondoa mkono kwenye ufunguo wa Morse na kuhesabu upya akimaliza.

Jumapili

Faili lilelile, fremu 24, matangazo ya upepo yakiendelea: dakika moja na sekunde 11. RR za kuuliza zilizopotea bure: hakuna. Tumelirudia mara tano, mara moja fremu ya tatu iliharibika njiani, REJ ikaja, ikatumwa tena, na mazungumzo yakaendelea bila kusita.

Bado kuna la mtumiaji anayemwaga faili kubwa. Sasa hivi injini inapokea yote na kuyarundika. Foleni ikifika mikupuo miwili, kitanzi kitaacha kusoma soketi yake mpaka RR irudi, na kerneli yenyewe itamzuia. Pia amri 0C nimeiachia mlango kwenye injini: modemu inayoweza kuijibu itatuma tukio halisi mahali pa lile la kukadiria, na hakuna kingine kitakachobadilika.

Kesho asubuhi nachukua daladala ya kwanza kwenda Mikindani. Kiungo cha antena ya Mzee kimeliwa na chumvi, kimekuwa cha kijani mpaka ndani, na nimemnunulia kipya pamoja na utepe wa mpira wa kukifunga. Ameniambia nije na njaa, kuna pweza.